UZI: Yai la chura halipevuki nusu. Mtandao wa protini unavyoamua, na kwa nini mshale mmoja wa ubaoni hautoshi

MwalimuNkuhungu (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya sekondari hapa Dodoma, na uzi huu ni deni ninalomlipa mwanafunzi wangu wa kidato cha nne.

Mvua ya kwanza ya msimu iliponyesha mtaani kwetu, dimbwi lililo nyuma ya nyumba lilijaa jioni moja, na usiku huohuo vyura walilia mpaka alfajiri. Asubuhi nilikuta mayai yameshikana kwenye majani yaliyozama, nikayachota kwa kopo la plastiki nikaenda nayo darasani. Kila yai lilikuwa dogo kuliko punje ya uwele, upande mmoja mweusi, upande wa pili mweupe wa maziwa, limezungukwa na ute mzito usiotaka kuachana na kidole. Binti mmoja akauliza: "Mwalimu, jana mayai haya yalikuwa wapi, na nani aliyaambia kwamba wakati umefika?" Nikamjibu kwa chaki. Niliandika neno "homoni", nikachora mshale mmoja, nikaandika "yai pevu", kengele ikalia.

Jibu lile si kosa, lakini linaficha karibu kila jambo linalostahili kujulikana. Kati ya neno la kwanza na la pili pale ubaoni upo mtandao wa protini unaopokea habari, unaipima, unaikuza, kisha unafanya uamuzi ambao haurudi nyuma. Homoni hubisha hodi. Mwenye nyumba ni mtandao huo. Naomba nifafanue taratibu, na wenye maswali wasisite kuuliza.

Jambo moja kabla sijaanza. Mifano yangu inatoka kwa chura aitwaye Xenopus laevis, mwenye asili ya kusini mwa Afrika, kwa sababu ndiye ambaye mayai yake yamechunguzwa kuliko ya vyura wengine wote. Vyura wa madimbwi yetu ni wa spishi nyingine, kwa hiyo muda na vipimo nitakavyovitaja ni vya Xenopus.

MwalimuNkuhungu

Tuanze na yai linalosubiri. Ndani ya ovari ya Xenopus, yai changa lililokwisha kukua lina kipenyo cha milimita 1.2 hadi 1.3, ukubwa unaoonekana kwa macho matupu, ilhali seli za kawaida za mwili hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Limejaa akiba ya chakula, limejaa protini, na limejaa nakala za mRNA, yaani maelekezo ya kutengeneza protini, ambazo bado hazijatumika. Kromosomu zake zimekwisha kujinakili. Hata hivyo limesimama mwanzoni mwa mgawanyiko wa kwanza wa meiosisi, yaani ule mgawanyiko wa seli unaopunguza kromosomu kuwa nusu, na linaweza kukaa hivyo kwa miezi mingi.

Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani kwamba yai hilo limelala. Sivyo. Yai hilo linazuiwa, na kuzuiwa ni kazi inayofanyika kila dakika. Katika utando wake wa nje kuna kimeng'enya kinachotengeneza saiklik AMP, molekuli ndogo inayopeleka ujumbe ndani ya seli, bila kukoma. Saiklik AMP huiwezesha protini iitwayo PKA. Na PKA, ikiwa kazini, hairuhusu hatua zinazofuata zianze. PKA ni kinasi, yaani kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine. Vipo pia vimeng'enya vya upande wa pili, fosfatasi, ambavyo kazi yake ni kuibandua fosfeti hiyo. Msomaji akilishika hili la kubandika na kubandua, ameshika nusu ya uzi mzima, kwa sababu fosfeti ikibandikwa mahali fulani protini huamka, na ikibandikwa mahali pengine protini hiyohiyo hufungwa.

Ushahidi kwamba yai linazuiwa, wala halikulala, ni huu: injini ya mgawanyiko imo ndani yake tayari. Injini hiyo ni protini mbili zilizoungana, kinasi iitwayo Cdk1 na mwenzake saiklini B. Zimeungana lakini hazifanyi kazi, kwa kuwa protini nyingine, Myt1, imeibandika Cdk1 fosfeti mahali pawili panapoifunga. Ni kama gari lenye mafuta, dereva ndani, na breki ya mkono imevutwa.

BahiShambani

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkulima wa mpunga huku Bahi, na vyura ni majirani zangu kila masika. Nimekuelewa kuhusu breki. Swali langu ni kwamba homoni ikifika inaiachiaje hiyo breki? Inaingia ndani ya yai kwenda kwenye kiini?

MwalimuNkuhungu

Marahaba ndugu yangu, na umeuliza penyewe. Hapa nitasema "kiini" nikimaanisha kiini cha seli chenye kromosomu, siyo ile sehemu ya njano tunayoijua jikoni.

Hali ya mwili wa jike ikiwa tayari, tezi ya pituitari humwaga homoni kwenye damu. Seli zinazolizunguka yai ndani ya ovari huipokea na kutoa homoni nyingine, ambayo katika maabara zilizo nyingi huwakilishwa na projesteroni. Vitabu vyetu hufundisha kwamba homoni za kundi hili huingia ndani ya seli, hukamatana na kipokezi chake, huenda kwenye kiini na kuwasha jeni. Kwa yai la chura mambo hayakwenda hivyo. Watafiti waliondoa kiini cha yai changa kwa uangalifu, wakaliweka yai hilo kwenye projesteroni, na saitoplazimu yake, yaani ute wa ndani ya seli unaozunguka kiini, bado ilipata nguvu ya kupevusha. Walipochoma projesteroni kwa sindano moja kwa moja hadi ndani ya yai, haikufanya kazi. Walipoiweka nje, ikafanya. Maana yake ni kwamba ujumbe unapokelewa kwenye utando wa nje, na kazi ya mwanzo inafanywa kwa akiba iliyokwisha kuwekwa, bila kusubiri jeni mpya iwashwe.

Kinachotokea kwanza ni kwamba utengenezaji wa saiklik AMP unapungua. Ikipungua, PKA inalegea. PKA ikilegea, yai linaanza kusoma baadhi ya zile nakala za mRNA ambazo zilikuwa zimewekwa kimya. Nakala hizo zilikuwa kimya kwa sababu mkia wake ulikuwa mfupi. Protini inayozishika, CPEB, ikibandikwa fosfeti, mkia hurefushwa, na nakala yenye mkia mrefu husomwa ikatoa protini. Mojawapo ya protini zinazozaliwa hapo ni kinasi iitwayo Mos, ambayo kabla ya hapo ni kana kwamba haimo ndani ya yai. Ukiliwekea yai dawa inayozuia utengenezaji wa protini, projesteroni hubisha hodi mpaka ichoke na yai halipevuki.

Mos huiamsha kinasi ya pili, MEK. MEK huiamsha ya tatu, MAPK. MAPK huiamsha Rsk. Na Rsk ni miongoni mwa zinazoidhoofisha Myt1, ile iliyokuwa imevuta breki. Wakati huohuo fosfatasi iitwayo Cdc25 huja kubandua fosfeti zilizoifunga Cdk1. Breki inaachiwa na injini inawaka. Kiini kikubwa cha yai husogea juu, chini ya ule upande mweusi, utando wake huvunjika, na rangi nyeusi husukumwa pembeni. Saa chache tangu projesteroni iwekwe, mtu mwenye lenzi ya kawaida huona doa jeupe katikati ya weusi. Kwa maoni yangu hakuna alama nyingine katika baiolojia ya seli iliyo wazi kama hii, kwa sababu ushindi wa mtandao mzima wa protini unaonekana kama nukta moja nyeupe.

NesiKongwa

Mwalimu, nashukuru kwa maelezo. Mimi ni muuguzi. Nilipokuwa chuoni niliwahi kusikia jina MPF likitajwa kwa haraka, halikurudiwa tena. Ndiyo hiyo injini unayoisema? Na waliigunduaje wakati protini hazionekani?

MwalimuNkuhungu

Ndiyo yenyewe, dada yangu, na kisa chake ni kizuri. Mwaka 1971 Yoshio Masui na Clement Markert, wakitumia chura wa Amerika Kaskazini aitwaye Rana pipiens, walinyonya saitoplazimu kidogo kutoka kwenye yai lililopevuka na kuichoma ndani ya yai changa ambalo halikuguswa na projesteroni yoyote. Yai changa likapevuka. Wakakiita kitu hicho kisichojulikana kichocheo cha kupevusha, kwa Kiingereza maturation-promoting factor, ndiyo MPF. Dennis Smith na Robert Ecker walifikia matokeo ya namna hiyo mwaka huohuo.

Lililonishangaza mimi ni hatua iliyofuata. Ukinyonya saitoplazimu kutoka kwenye yai la pili na kuichoma kwenye la tatu, la tatu linapevuka; kutoka la tatu kwenda la nne, vilevile. Ukimimina glasi moja ya maji ya sukari kwenye ndoo, kisha glasi ya ndoo hiyo kwenye ndoo nyingine, utamu hupotea. Hapa haukupotea. Hilo lilionyesha kwamba MPF inapoingia ndani ya yai huiamsha MPF nyingine iliyokuwa imefungwa. Leo tunajua sababu: Cdk1 iliyoamka huipa nguvu Cdc25, na Cdc25 huamsha Cdk1 zaidi, Cdk1 hiyohiyo huidhoofisha Myt1, na hivyo breki hulegea zaidi. Ni kitanzi kinachojilisha chenyewe.

Ilichukua miaka 17 kukitambua kitu chenyewe. Mwaka 1988 Manfred Lohka, Marianne Hayes na James Maller waliisafisha MPF kutoka kwenye mayai ya Xenopus, na ikadhihirika kwamba sehemu yake moja ni protini ileile ambayo Paul Nurse alikuwa akiichunguza katika hamira, na nyingine ni saiklini, jamii ya protini ambazo Tim Hunt aliziona kwanza katika mayai ya urchini wa baharini. Nurse, Hunt na Leland Hartwell walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2001. Masui hakuwemo, na mimi huona kwamba jina lake linastahili kutajwa madarasani kwa sauti ileile.

MwalimuNkuhungu

Sasa naja kwenye jambo lililonifanya niandike uzi huu. Projesteroni inaweza kuwa kidogo, wastani au nyingi. Je, yai lililopewa kiasi cha wastani hupevuka nusu?

James Ferrell na Eric Machleder, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1998, waliligeuza swali hili kuwa kipimo. Ukichukua mayai mengi yaliyopewa projesteroni ya wastani, ukayasaga pamoja na kupima MAPK, utapata kwamba nusu hivi imeamka, na ukiongeza homoni kidogo kidogo kiwango nacho hupanda kidogo kidogo. Mtu angeandika kwamba mwitikio ni wa taratibu. Wao wakapima yai mojamoja. Wakakuta mayai ambayo MAPK yake imelala kabisa, na mayai ambayo MAPK yake imeamka yote. Ya katikati yalikuwa machache mno.

Walimu wenzangu wataelewa upesi. Ukiambiwa kwamba darasa la wanafunzi 40 lina wastani wa alama 50, hujui kama kila mmoja amepata 50, au 20 wamepata 100 na wengine 20 wamepata sifuri. Wastani wa mayai yaliyosagwa ulikuwa unaficha darasa la namna hiyo ya pili.

Hutokeaje hivyo? Kwanza, safu ya kinasi tatu, Mos, MEK na MAPK, hunoa mwitikio: MEK na MAPK kila moja huhitaji kubandikwa fosfeti mara mbili ndipo iamke sawasawa, kwa hiyo ishara hafifu huishia njiani, na ishara iliyovuka kiwango fulani hupita kwa kishindo. Pili, na hili ndilo kubwa, MAPK iliyoamka husababisha Mos nyingine itengenezwe, na Mos hiyo huamsha MAPK zaidi. Huu ni kitanzi cha pili kinachojilisha, mbali na kile cha Cdk1. Mfumo wenye vitanzi vya namna hii hauna mahali pa kukaa katikati. Hukaa chini au hukaa juu.

Tena hukumbuka. Mwaka 2003 Wen Xiong na Ferrell walionyesha kwamba yai lililokwisha kuvuka, hata projesteroni ikioshwa na kuondolewa kabisa, linabaki limepevuka. Kitanzi kilipovunjwa kwa makusudi, kumbukumbu ilipotea, na mwitikio ukawa wa kupanda na kushuka. Kumbukumbu hii haikuandikwa kwenye jeni wala mahali pengine popote pa kudumu. Inakaa katika protini zinazoamshana kwa mzunguko.

MhadhiriMstaafu

Mwalimu, hongera kwa uzi wenye kina. Niliwahi kufundisha somo hili, na naomba nirekebishe mambo mawili kwa nia njema.

La kwanza, msomaji anaweza kuondoka akidhani kwamba bila Mos hakuna kupevuka. Majaribio ya mwaka 1988 ya kuzuia Mos yalionyesha hivyo, lakini majaribio ya baadaye yaliyoizuia kwa njia nyingine yalionyesha kwamba kiini bado huvunjika, ingawa kwa kuchelewa, na kwamba athari kubwa huonekana baadaye: yai hushindwa kuingia vizuri katika mgawanyiko wa pili wa meiosisi. La pili, projesteroni ni homoni ya maabara zaidi kuliko ilivyodhaniwa. Ovari ya Xenopus hutoa pia androjeni, yaani homoni za kiume, ikiwemo testosteroni, kwa wingi, nazo huweza kupevusha yai. Wapo watafiti wanaoona kwamba ndani ya mwili wa chura hizo ndizo zenye kazi kubwa zaidi.

MwalimuNkuhungu

Shikamoo Mzee wangu. Nimepokea yote mawili, na la kwanza linanisaidia kuliko nilivyojisaidia mwenyewe. Nilipoandika Mos, halafu MEK, halafu MAPK, halafu Rsk, nilikuwa nimerudia kosa lilelile la ubaoni, isipokuwa mshale mmoja umekuwa mishale mitatu. Mnyororo ukikatwa pete moja umekwisha. Yai hili likikatwa njia ya Mos hupata njia nyingine kwa tabu, kwa sababu Cdk1 ina kitanzi chake na saiklini mpya zinaendelea kutengenezwa. Ndiyo maana neno mtandao ni sahihi.

Na hapo pa mgawanyiko wa pili pana uzuri wake. Baada ya mgawanyiko wa kwanza, yai hutoa kijiseli kidogo pembeni chenye kromosomu za ziada, nguvu ya Cdk1 hushuka, kisha hupanda tena bila DNA kunakiliwa upya, na yai husimama mara ya pili, sasa likiwa katikati ya mgawanyiko wa pili. Safari hii linashikiliwa na protini iitwayo Emi2, ambayo huzuia mashine inayoteketeza saiklini. Na njia ya Mos, kupitia Rsk, ndiyo inayoilinda Emi2. Protini ileile iliyosaidia kuachia breki ya kwanza inasaidia kuvuta ya pili. Mayai niliyochota dimbwini yalikuwa yameshatoka katika hali hii ya kusimama. Mbegu ya kiume inapoingia, kalisi husambaa ndani ya yai kama wimbi, huamsha kinasi nyingine, Emi2 huteketezwa, saiklini nayo huteketezwa, na katika Xenopus yai hugawanyika mara ya kwanza baada ya dakika 90 hivi.

NesiKongwa

Hapo nimeguswa, Mwalimu. Je, haya yanafanana na ya mwanamke? Wagonjwa wetu wanaotafuta mtoto hutuuliza maswali ambayo majibu yake naona yako karibu na haya.

MwalimuNkuhungu

Yanafanana mahali na kutofautiana mahali, dada, na ni vizuri tusiyachanganye. Mtoto wa kike huzaliwa mayai yake yakiwa yamesimama katika hatua ileile ya meiosisi. Saiklik AMP huyashikilia vilevile, na Cdk1 pamoja na saiklini B ndiyo injini vilevile. Tofauti iko kwenye hodi. Kwa mamalia projesteroni siyo inayoliamsha yai moja kwa moja. Homoni ya LH kutoka pituitari hubadilisha hali ya seli zinazolizunguka yai, nazo huacha kulipelekea kitu kilichokuwa kikilinda saiklik AMP isivunjwe. Mos nayo kwa panya haihitajiki ili kiini kivunjike. Mwaka 1994 ilionekana kwamba panya jike wasio na Mos hutoa mayai yanayoshindwa kusimama mara ya pili, na baadhi huanza kugawanyika bila mbegu ya kiume.

Wewe kama muuguzi utaifahamu homoni ya hCG, ile inayopimwa kwenye mkojo wa mjamzito. Kazi yake inafanana na ya LH, ndiyo sababu katika upandikizaji wa mimba huchomwa saa 36 hivi kabla ya kuvuna mayai. Tangu miaka ya 1930, kufuatia kazi ya Lancelot Hogben aliyekuwa Cape Town, mkojo wa mwanamke ulikuwa ukichomwa ndani ya Xenopus jike, na chura akitaga ndani ya siku moja ilijulikana kwamba mwanamke ni mjamzito. Kwa sababu ya kipimo hicho Xenopus walisambazwa katika maabara nyingi za dunia, na walikuwepo tayari siku watafiti wa seli walipowahitaji.

BahiShambani

Mwalimu, swali la mwisho kutoka shambani. Huku kwetu mvua huweza kunyesha siku mbili kisha ikakata wiki tatu. Chura ambaye hakuwahi kutaga, yale mayai yaliyomo tumboni huwaje? Na hilo yai lililokwisha kuvuka halafu maji yakakauka?

MwalimuNkuhungu

Ni mambo mawili tofauti, ndugu yangu, na tofauti yake ni hiyohiyo ya vitanzi. Yai ambalo halijavuka bado limeshikiliwa na saiklik AMP. Linaweza kusubiri, na lisipotumika, seli zinazolizunguka hulivunja na mwili wa mama huinyonya akiba yake. Hakuna kinachopotea bure. Lililovuka halina njia ya kurudi ndani ya ovari. Limekwisha kuvunja kiini chake, limetoka kwenye ovari, limepita kwenye mrija wa mayai na kuvishwa ute, na linasubiri mbegu ya kiume tu. Isipofika, linaharibika kwa muda mfupi.

Ukitaka kuona kwa macho, chota mayai mapya alfajiri, mara tu yanapotagwa, uyaweke kwenye sahani nyeupe pamoja na maji ya dimbwi lilelile, siyo ya bomba. Yaangalie bila kuyatikisa. Yale yaliyorutubishwa hujigeuza ndani ya ute wake mpaka weusi wote ukakaa juu. Yasiyorutubishwa hubaki yameelekea ovyo, mengine meupe juu, mengine meusi. Jumatatu nitafanya hivyo darasani, na yule binti ndiye atakayeyahesabu.